Maji ya Jiwe la Mama

Nyote mnaniangalia upande wa kushoto, halafu mnajifanya mnaangalia ukuta. Angalieni tu. Kope hii imefunga duka siku nyingi, nyuma yake hakuna jicho, na mimi sioni aibu. Sista ameniomba nizungumze na ninyi mnaosubiri zamu ya kuonana na daktari wa macho, ili mjue kwamba mtu anaweza kufika pabaya na bado akatoka. Naitwa Paskalia. Nakaa hapo Milanzi, nauza maharage na unga wa ulezi, na uzi kwenye sindano natunga mwenyewe.

Zamani nilikuwa na macho mawili na mdomo mkali. Mdomo umebaki.

Kwetu hasa si hapa mjini. Tulikuwa tunakaa chini ya kilima, nyumba chache tu, kila moja na upande wake. Mama yangu alikuwa na jiwe la kusagia ambalo bibi yake alilikuta palepale jikoni, limezikwa nusu ndani ya udongo. Lilikuwa limelika katikati kwa kusagiwa miaka na miaka, likafanya bonde la kushika maji ya kibuyu kizima. Mtoto akiamka na macho mekundu, mama alichota maji mabichi ya chemchemi, akayamimina kwenye lile bonde, akayazungusha kwa kiganja mpaka yakawa meupe kidogo kwa vumbi la ulezi, akamwosha. Tulipona. Huenda tungepona hata bila maji, maana macho ya watoto hupona. Lakini kwetu jambo hilo halikuwa na mjadala. Wote tuliolelewa nyumba ile tulioshwa macho kwa maji ya jiwe.

Mama alifariki nikiwa nimeolewa lakini bado tuko jirani. Tulimzika nyuma ya nyumba yake. Haukupita muda, ukaja uhamisho wa kwenda vijiji vya ujamaa. Lori lilifika asubuhi. Walipakia mahindi, kuku, vitanda na watoto. Vijana wa mgambo wakapanda juu wakang'oa nyasi za mapaa, ili mtu asije akashawishika kurudi kulala. Baba yangu, mzee Kaspari, aliyekuwa mtu wa maneno machache, akamsogelea mkubwa wa msafara.

"Na jiwe la marehemu?"

Yule bwana akalisukuma kwa mguu kupima uzito. "Mzee, hili lina mizizi. Kijijini kutakuwa na mashine ya kusaga."

Mashine hiyo ilikuja mtoto wangu wa pili akiwa anakwenda shule, lakini hiyo ni habari nyingine. Jiwe likabaki. Nilipogeuka kuangalia nyuma kutoka kwenye lori, niliona kuta za jikoni zimesimama hazina kichwa. Mvua ikinyesha, ilikuwa inanyesha moja kwa moja ndani, juu ya jiwe.

Sasa sikilizeni ugonjwa ulivyoanza. Tulikuwa kwenye shamba la kijiji, masika yanakaribia kwisha. Mnajua sisi Wafipa tunavyolima: unalaza majani, unayafunika kwa udongo, unafanya tuta la mviringo ili yaozee humo. Nilikuwa na binti yangu Agripina mgongoni, bado ananyonya. Jembe langu mwenyewe likarusha bonge la udongo lenye majani, likanipiga jicho la kushoto. Niliona moto. Nikafuta kwa kanga, nikamaliza tuta langu, maana mwenyekiti alikuwa anatuangalia na sikutaka anione natafuta sababu.

Jioni jicho lilikuwa jekundu na linatoa machozi. Kesho yake baba akaja, akainua kope yangu kwa kidole gumba.

"Limechubuka," akasema. "Mama yako angejua la kufanya."

Akanyanyuka akaondoka. Alikwenda mpaka kule kwetu, na si karibu, akarudi na chupa ya mafuta iliyozibwa kwa gunzi. Ndani kulikuwa na maji ya jiwe. Hayakuwa tena maji ya chemchemi yaliyochotwa asubuhi. Yalikuwa maji ya mvua yaliyotuama pale kati ya kuta, yana rangi ya chai isiyokolea. Yeye hakuona tofauti, na mimi pia sikuiona. Jiwe ni lile lile, na aliyeyachota ni baba yangu. Nikalaza kichwa mapajani mwake kama mtoto, akanitia matone. Yalikuwa baridi na yakanituliza. Nililia siku ile, si kwa maumivu, kwa kumkumbuka mama.

Nikawa natia maji yale asubuhi na jioni. Zahanati walinipa dawa ya kupaka, nikapaka pia. Jicho likaanza kuuma kwa namna ambayo sijawahi kuumwa kabla wala baada, na nimezaa watoto watano. Mwanga ukawa adui. Mlango ukifunguliwa, ilikuwa kama mtu ameniingizia kijiti cha moto. Nikawa nashinda nimejifunika blanketi mchana kweupe. Agripina nilimnyonyesha gizani, namtambua kwa harufu na uzito.

Na maumivu yale yalikuwa na mwendo. Yalikwenda mbele, yakarudi. Yalikwenda mbele, yakarudi. Nilikaa ndani ya blanketi nikiyasikiliza mpaka nikayatambua. Ulikuwa mwendo wa mtu anayesaga.

Nilipomwambia shangazi yangu, akajifunga kanga kifuani akasema, "Mmemwacha peke yake kule, hana paa. Ulitaka akae kimya?" Maneno yale yaliniingia. Kuanzia siku ile sikuwa na ugonjwa jichoni, nilikuwa na mama. Nilimsikia akisaga tangu kunakucha. Akipumzika nami nilipumzika, akianza nami nilianza kupiga mayowe. Nilimwomba msamaha kwa sauti, mume wangu Deo ameketi mlangoni anasikia. Aliogopa, akaazima baiskeli, akanibeba mpaka barabarani, tukapata lori la kuja mjini.

Hospitali walinilaza, wakaning'inizia shuka dirishani. Daktari alinimulika na tochi ndogo huku wauguzi wawili wamenishika mabega.

"Kuna duara jeupe limezunguka mboni, kama pete," aliwaambia wenzake. Halafu akaniambia mimi, "Mama, unaumwa kuliko kidonda chako kinavyoonekana."

"Kwa hiyo nadanganya?"

"Hapana. Nasema kidonda hiki sikijui."

Baadaye nilimpenda kwa neno hilo. Siku ile nilimchukia. Alijaribu dawa ya matone, akabadilisha, akajaribu sindano. Jicho likawa jeupe lote kama maziwa yaliyoganda, na bado liliuma.

Baba alikuja kila alipopata lifti. Mvua zilikuwa zimeisha na jiwe limeanza kukauka, kwa hiyo alikuwa anachota chemchemini, anamimina jiweni, anayaacha yalale humo, ndipo anayatia chupani. Sista wa wodi alituona. Akasema acheni maji ya nyumbani. Tukasema ndiyo, Sista, akageuka, baba akatoa gunzi. Wodi nzima ilikuwa na vichupa chini ya mito, hatukuwa peke yetu.

Ikapita kama wiki mbili baba hakuja. Alikuwa ameshikwa na homa, na chupa yangu ikaisha. Siku zile kusaga kukapungua. Nililala. Hata uji niliunywa nikamaliza. Nikajua mama amechoka, au amenisamehe. Baba alipopona akaja na chupa mbili kufidia.

"Nasikia ulilala," akasema.

"Nililala, baba."

Akanitia matone. Kesho yake mama alianza kusaga upya, na safari hii alisaga kwa hasira. Baba alikuwa bado yupo, amelala kwa ndugu hapo Mazwi. Alikuja akanikuta nimeng'ang'ania chuma cha kitanda, nimeuma ncha ya blanketi. Alisimama ananiangalia muda mrefu, chupa mkononi. Siku ile hakuifungua. Sikuwaza lolote juu ya hilo.

Jicho likatoboka. Nisiwafiche, kulitoka kitu cha moto kikateremka shavuni, nikadhani ni machozi. Daktari akawaita baba na Deo, akasema mbele yangu, "Jicho hili halitaona tena. Tukiliacha, usaha unaweza kwenda ndani zaidi, na hapo sitaongea habari ya jicho, nitaongea habari ya uhai. Naomba nilitoe."

Nikakataa. Deo akanibembeleza, akanitajia Agripina, nikakataa. Wakadhani naogopa kisu. Mwishoni nikamwambia baba kwa sauti ya chini, "Kama mama yumo humo anasaga, wakilitoa atakwenda wapi?"

Baba akavuta kigoda akaketi karibu. "Mama yako hayumo humo."

"Umejuaje?"

"Nimeishi naye. Hakuwahi kumuumiza mtoto hata siku moja. Atamuumizaje leo?"

Nilikaa na maneno hayo. Kisha nikasema sawa, watoe.

Niliamka bandeji zimejaa nusu ya uso. Kichwa kilikuwa kizito, kinywa kikavu, na kulikuwa kimya. Nilisubiri mwendo ule. Haukuja. Nikalala, nikaamka, nikasubiri tena. Kimya. Siku walipoondoa shuka dirishani, Deo alimleta Agripina akamweka juu ya kitanda kwenye jua, na mimi nikamwangalia kwa jicho la kulia. Alikuwa ameota meno na hakunijua. Alilia, nami nikalia, lakini kwa furaha, maana nilikuwa naona jinsi alivyonuna.

Baba hakuwepo. Siku ya upasuaji alikuwa amemwendea daktari akamwomba ampe jicho. Daktari alishangaa. Baba akamwambia, "Ni la mwanangu. Haliwezi kutupwa na bandeji." Sista akalifunga vizuri kwenye shashi, akalitia ndani ya kopo la dawa lenye mfuniko. Baba akalibeba mikononi mpaka kule kwetu, akalizika kichwani pa kaburi la mama.

Mimi nilipona. Mwili ulirudi, nikazaa wengine wanne, nikajifunza kumimina chai bila kukikosa kikombe. Lakini mliokuja kusikia kwamba mtu akipona yamekwisha, samahani. Tangu jicho lile lizikwe, kuna wakati naona kwalo. Mvua za kwanza zikipiga ardhi, shimo hili hapa hupata baridi, halafu naona jikoni kwa mama, lakini naona kutokea chini, karibu na ardhi. Naona kuta zisizo na paa. Mara nyingine naona miguu yake ikipita, ina unga. Hainitishi kama zamani, ila huwa naacha ninachofanya, nakaa, mpaka ipite.

Miaka ikaenda. Deo alipata kazi ya useremala hapa mjini tukahamia Milanzi. Siku moja akaja daktari wa macho kutoka Mbeya, na kwa kuwa jicho nililobaki nalo ndilo mali yangu, nikaenda lipimwe. Alikuwa mtu wa kuuliza. Akauliza lile la kushoto lilikwendaje, nami nikamwambia yote kama ninavyowaambia: bonge la udongo, pete nyeupe, maumivu makubwa kuliko kidonda, maji. Nilipofika kwenye maji akaweka kalamu chini.

"Maji hayo yalikuwa yamesimama kwa muda gani?"

Nikamweleza habari ya jiwe.

Akanifundisha polepole. Kuna viumbe wadogo mno, jicho haliwaoni, wanaitwa amiba. Wale wa tumboni tunawasikia. Hawa ni wengine. "Hawa wanaishi zao," alisema, "kwenye maji yaliyotuama na kwenye udongo. Hawamtafuti mtu wala hawana haja naye. Lakini jicho likichubuka, ukawaingiza pale, watakula hapo hapo."

"Na maji yakikauka, si wanakufa?"

"Wanajifungia ndani ya ganda, wanasubiri. Maji yakirudi wanafungua." Kisha akasema, "Siwezi kuapa, mama. Jicho lenyewe halipo, na wakati ule hata huko nje ndio kwanza walikuwa wanaanza kuwafahamu. Inaweza kuwa udongo wa shambani. Inaweza kuwa maji. Inaweza kuwa vyote viwili."

Nilitembea kurudi nyumbani. Siku ile tulipopanda lori, nilidhani tumeondoka wote tukamwacha mama peke yake. Kumbe nyumba ilikuwa na wakazi. Walikuwa kwenye bonde la jiwe, hawana habari na vijiji vya ujamaa wala na sisi, wakinywa mvua yetu. Na baba alikuwa anawachota kwa heshima zote, anawabeba mpaka kwangu.

Nikamwambia Deo. Akauliza, "Utamwambia mzee?"

"Nimwambie nini? Kwamba kila alipokuja kuniona alikuwa ananimaliza?"

Nikaamua sitamwambia. Ila nikaona siwezi kuliacha lile jiwe likae pale limefungua kinywa, siku mtoto wa mtu akapita na kunawa. Nikachukua jembe, nikaenda kijijini kwanza, nikapita bila kuingia kwa baba, nikashika njia ya kule kwetu.

Kuta zilikuwa zimebaki za kufika kiunoni. Kaburi la mama limefyekwa, safi. Nikaingia jikoni, nikatafuta bonde la maji, sikuliona. Nilikuta mgongo wa jiwe. Lilikuwa limepinduliwa kifudifudi, lile lililosemwa lina mizizi. Mtu alikuwa amechimba kulizunguka pande zote, akalibinua peke yake, na udongo wa shimo ulikuwa umeota majani na miti myembamba. Haikuwa kazi ya mwaka huo wala mwaka uliotangulia. Nilikaa juu yake mpaka jua likaanza kushuka, jembe langu halina kazi.

Baba nilimkuta amekaa nje ya nyumba yake anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Umetoka wapi na vumbi hilo?"

"Nyumbani."

Hakuuliza nyumbani gani.

"Nimeona jiwe," nikasema.

Vidole vyake viliendelea na gunzi mpaka likaisha. "Nilitaka maji yasisimame," akasema.

"Ulilipindua lini?"

"Siku niliyopeleka jicho lako. Nilipougua ulilala. Nilipokuja na chupa ukaanza tena. Nilitembea na jambo hilo njia nzima, na lile kopo mkononi."

"Miaka yote hii, baba. Mbona hukuniambia?"

Akaweka gunzi chini. Aliponiangalia, aliniangalia upande wa kushoto, kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu nitoke hospitali, na mimi nilikuwa nimedhani ni adabu.

"Ulikuwa unalia, mama," akasema. "Na mimi sikuwa na kitu kingine cha kukuletea."

Nikaketi chini, nikachukua hindi, nikapukuchua naye. Nilimweleza kwamba daktari amesema huenda ni udongo wa jembe langu mwenyewe. Akaitikia kwa kichwa kunifurahisha, lakini najua hakuamini. Alipokufa tuliomba ruhusa tukamzika kule, pembeni ya mama. Wako wawili pale, na jicho langu.

Sasa unashukuru nini, mtaniuliza. Namshukuru Mungu kwa jicho la kulia. Namshukuru daktari yule wa kwanza aliyekubali kusema sijui, halafu akanitoa kwenye mauti. Namshukuru Deo na baiskeli ya kuazima. Na ninyi nawaambia hivi: jicho likichubuka, njoni mapema. Likiuma kuliko linavyoonekana, msikubali kuambiwa mnajidekeza, njoni tena. Msitie jichoni maji ya kisima, ya mtungi, ya mvua, wala maji ya baraka yaliyokaa, hata kama bibi zenu walitia wakapona. Na wewe uliyeketi kule mwisho, nimeiona hiyo chupa ndani ya kikapu chako. Sikugombezi. Najua aliyekuletea ametembea. Mshukuru, mshike mkono, kisha yachemshe uyanywe. Jichoni usiyatie.